Kioo Kisicho Kioo: Ifahamu Karatasi ya Kielektroniki Inayopinda

"Kaka, kioo cha juu kizima kabisa. Kilichokufa ni cha ndani."

Fundi alisema hivyo huku akikiinamisha kifaa changu cha kusomea vitabu chini ya taa ya meza yake pale Kariakoo. Jana yake nilikuwa nimesimama ndani ya daladala ya kutoka Mbagala, begi mgongoni, saa kumi na mbili jioni, abiria wakiendelea kujazana kama ilivyo kawaida ya saa hiyo. Kona ya chaja iliyokuwa ndani ya begi ikakigandamiza kifaa. Nilipofika nyumbani na kukifungua, nusu ya juu ya ukurasa ilikuwa inasomeka vizuri. Nusu ya chini ilikuwa na mistari ya kijivu iliyosimama kama mvua, na katikati ya mistari hiyo bado liliganda jina la sura niliyoisoma asubuhi. Nikapapasa kwa kidole. Hapakuwa na ufa, hapakuwa na mkwaruzo, uso ulikuwa laini kama siku nilipokinunua.

Fundi akanieleza kwamba kioo kipya hapa mjini hakipatikani kirahisi, na kukiagiza nje kungenigharimu karibu bei ya kifaa chenyewe. Nikaondoka na swali moja kichwani: ikiwa uso wake ni mzima, kilichovunjika ni nini? Nilipolifuatilia swali hilo nilijikuta nimeingia katika historia ya karatasi ya kielektroniki, na hasa ya ile inayopinda, ambayo wahandisi wameihangaikia kwa zaidi ya miaka ishirini. Nayaandika haya kwa ajili ya mwalimu, mzazi, mwanafunzi au mwenye duka anayefikiria kununua kitu cha aina hii, ili asije akakutana na fundi kwa mara ya kwanza kama nilivyokutana naye mimi.

Kiswahili chetu cha mitaani huiita skrini ya simu "kioo", na kwa miaka mingi tumekuwa sahihi, maana ni kioo kweli. Habari kubwa ya makala hii ni kwamba sasa zipo skrini ambazo hazina kioo hata kidogo ndani yake.

Chembe zinazopanda na kushuka

Skrini ya simu au runinga hutoa mwanga wake yenyewe. Karatasi ya kielektroniki haitoi mwanga. Huupokea mwanga wa jua, wa taa au wa dirishani na kuurudisha machoni, sawasawa na gazeti. Ndiyo maana simu hufifia ukiitoa juani, lakini karatasi hii huzidi kusomeka kadiri jua linavyozidi kuwaka. Nilipompelekea mama yangu kifaa cha namna hii kule Muheza, alikipokea barazani saa sita mchana, akakigeuza mbele na nyuma, akaniuliza, "Mwanangu, mbona haiwaki?" Nikamjibu, "Haiwaki mama, ndivyo ilivyo. Isome kama gazeti." Akasogea nacho mpaka kwenye jua lenyewe, akarekebisha miwani, akaanza kusoma kwa sauti. Nilipomwonyesha namna ya kukuza herufi, alizikuza mpaka ukurasa ukabaki na mistari saba, kisha akaivua miwani na kuiweka pembeni.

Wino wake umefungwa ndani ya vifuko vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni, kila kimoja kikiwa na upana unaokaribia wa unywele wa binadamu. Ndani ya kila kifuko mna kimiminika kisicho na rangi, na humo huelea chembe nyeupe zenye chaji chanya na chembe nyeusi zenye chaji hasi. Weupe wake hutokana na titani dioksidi, unga uleule unaotiwa kwenye rangi nyeupe za ukutani. Umeme ukipitishwa chini ya kifuko, aina moja ya chembe huvutwa chini na nyingine husukumwa juu. Zikipanda nyeupe, jicho huona weupe wa ukurasa, na zikipanda nyeusi, jicho huona wino wa herufi.

Kisha chembe hizo hukaa palepale zilipofikishwa. Ukikata umeme, herufi hazifutiki. Ukurasa utabaki mbele yako siku nzima, mwezi mzima, bila kula chaji hata kidogo, kwa sababu umeme huhitajika pale tu ukurasa unapobadilika. Hii ndiyo siri ya vifaa vinavyokaa wiki kadhaa bila kuchajiwa, na kwa anayeishi mahali ambapo umeme wa gridi haujafika, au unafika na kuondoka upendavyo, sifa hii peke yake inatosha kumfanya akiangalie kifaa hiki mara mbili.

Udhaifu wake unatokana na jambo hilohilo. Chembe zinaogelea ndani ya kimiminika, na kuogelea kunachukua muda. Ukifunua ukurasa, skrini hupepesa kwa weusi mara moja kabla ya maneno mapya kutokea, na wakati mwingine kivuli hafifu cha ukurasa uliopita hubaki nyuma ya maandishi. Video haichezi inavyostahili. Anayetaka kuangalia mpira atumie simu.

Tuje sasa kwenye kile kilichovunjika ndani ya begi langu. Skrini ya aina hii ina tabaka kuu mbili. Tabaka la juu ni utando wa plastiki uliopakwa wino, nao umekuwa ukipinda tangu siku ya kwanza ulipotengenezwa. Tabaka la chini ni bamba lililojaa transista, yaani swichi ndogo sana za umeme, moja kwa kila nukta ya picha. Vifaa vya mwanzo vya inchi 6 vilikuwa na nukta 800 kwa 600, maana yake swichi 480,000 kwenye eneo la kiganja. Swichi hizo kwa kawaida hujengwa juu ya kioo chembamba sana. Kioo hicho kikipasuka chini ya wino, uso wa juu unabaki laini na mzima, lakini amri za umeme hazizifikii tena chembe za upande uliopasuka, nazo zinabaki pale zilipokuwa. Jina la sura ya asubuhi lilikwama kwa sababu hiyo. Kwa hiyo anayesema "karatasi inayopinda" hasa anazungumzia hilo bamba la chini. Wino haujawahi kuwa na tatizo la kupinda.

Kutoka Palo Alto hadi Hsinchu

Wa kwanza kulishika wazo hili kwa nguvu alikuwa Nicholas Sheridon, mtafiti wa maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, katika miaka ya 1970. Skrini za kompyuta za wakati huo zilikuwa na mwanga hafifu, na Sheridon akatafuta kitu ambacho kingesomeka katika mwanga wa kawaida. Akatengeneza utando mwembamba wa mpira laini uliojaa vishanga vidogo, kila kishanga upande mmoja mweusi na mwingine mweupe, vikigeuka kwa umeme. Akaiita Gyricon. Xerox iliunda kampuni ya kuiuza mwaka 2000, lakini haikudumu, ikafungwa mwaka 2005.

Njia iliyoshinda ilitoka Chuo Kikuu cha MIT. Mwanafizikia Joseph Jacobson aliwashirikisha wanafunzi wawili wa shahada ya kwanza, Barrett Comiskey na J. D. Albert, na hao ndio waliofanikiwa kuzifunga chembe ndani ya vifuko. Kampuni ya E Ink ikaanzishwa mwaka 1997, na mwaka uliofuata matokeo yao yakachapishwa katika jarida la kisayansi la Nature. Mwaka 2004 Sony ilitoa Librié nchini Japani, kifaa cha kwanza cha kusomea vitabu chenye wino huo kuuzwa madukani. Novemba 2007 Amazon ikaleta Kindle kwa dola 399, na hapo ndipo dunia ilipoanza kukifahamu kitu hiki. Mwaka 2009 E Ink ilinunuliwa na kampuni ya Taiwani iliyokuwa ikitengeneza mabamba ya transista, na leo makao yake makuu yako Hsinchu. Vifaa vingi vya kusomea unavyoviona, hata vikiwa na majina tofauti mgongoni, vina wino wa kampuni hiyo moja.

Kwa nini plastiki ilichukua muda mrefu

Mtu anaweza kuuliza: kama tatizo ni kioo, si waweke plastiki yakaisha? Nami niliuliza hivyo. Jibu ni joto. Transista za silikoni za kawaida hutengenezwa katika joto la nyuzi mia kadhaa. Kioo huvumilia joto hilo bila wasiwasi. Plastiki ya kawaida hulainika, hujikunja, hutanuka na kusinyaa, na bamba likitanuka hata kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, safu ya pili ya swichi haitaikuta ya kwanza ilipoachwa. Ni sawa na fundi cherehani anayeshona kitambaa kinachorefuka na kufupika huku sindano inakimbia.

Wahandisi walipita njia mbili. Ya kwanza ni kuacha silikoni na kutumia transista za kikaboni, ambazo hutengenezwa katika joto dogo linalovumilika na plastiki. Hiyo ndiyo iliyofuatwa na Plastic Logic, kampuni iliyozaliwa mwaka 2000 kutokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Njia ya pili ni kumwaga plastiki ya aina ya polimaidi, inayostahimili joto kali, juu ya kioo kigumu, kujenga swichi juu yake kama kawaida, na mwisho kuibandua plastiki kutoka kwenye kioo kama unavyobandua stika. Kioo kinabaki kiwandani na mteja anapata plastiki tupu.

Hapa katikati kuna miaka ya maumivu ambayo ni vyema msomaji aijue, kwa sababu inaeleza kwa nini ile picha ya gazeti la kielektroniki unalokunja na kutia mfukoni haijakufikia. Polymer Vision ya Eindhoven, Uholanzi, iliyotokana na Philips, ilitengeneza Readius: kifaa cha ukubwa wa simu chenye skrini ya inchi 5 iliyofunuliwa na kukunjwa kukizunguka. Watu waliiona, wakaishangilia, na mwaka 2009 kampuni ikafilisika kabla Readius haijafika sokoni. Plastic Logic nao walifungua kiwanda Dresden, Ujerumani, mwaka 2008, na Januari 2010 wakatangaza kifaa cha wafanyabiashara kiitwacho Que, bei ikianzia dola 649. Wiki chache baadaye Apple ikaitangaza iPad kwa dola 499, yenye rangi, video na intaneti. Agosti mwaka huohuo Que ikafutwa kabla ya kumfikia mteja hata mmoja.

Mimi naona kosa la watu wa Polymer Vision lilikuwa kuuza mkunjo wenyewe. Walidhani watu wanatamani kukunja. Ukimuuliza mwanafunzi aliyekalia kifaa chake darasani, hatamani kukikunja. Anatamani kisivunjike.

Waliolielewa hilo ndio waliofika. Mwaka 2012 LG ilitangaza kuanza kuzalisha kwa wingi skrini ya plastiki ya inchi 6, yenye unene wa milimita 0.7 na uzito wa gramu 14, yenye uwezo wa kupinda mpaka nyuzi 40. Mwaka 2013 Sony na E Ink wakaonyesha karatasi ya inchi 13.3, karibu ukubwa wa karatasi ya A4, yenye bamba la plastiki. Ilijaribiwa katika vyuo vikuu vya Japani, kisha ikauzwa ikiwa na uzito wa gramu 358, nyepesi kuliko vitabu vingi vya kiada. Mwaka 2018 Kobo ikatoa Forma, kifaa cha kusomea vitabu chenye bamba la plastiki pia. Ukivishika vifaa hivyo viwili vya mwisho mkononi ni vigumu, havikunjiki. Plastiki iko ndani, imefichwa, na kazi yake ni kustahimili mgandamizo ambao ungekipasua kioo.

Niseme kidogo kuhusu watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's nchini Kanada, chini ya Roel Vertegaal, kwa kuwa kazi yao inapendeza. Mwaka 2011 walionyesha PaperPhone, simu ya majaribio ya karatasi ya kielektroniki inayopokea amri kwa kukunjwa: unapinda kona, ukurasa unafunuka. Haikuingia sokoni, lakini iliwafanya watu waifikirie skrini kama kitu cha kushika na kupinda badala ya kukigusa juu tu.

Inakokwenda

Kesho ya karatasi hii, kwa ninavyoiona, ina vitabu vichache kuliko vibao.

Tazama lebo za bei. Katika maduka makubwa ya Ufaransa na Ujerumani, bei zilizo chini ya bidhaa rafuni nyingi si karatasi tena. Ni vipande vidogo vya karatasi ya kielektroniki, kila kimoja kikiwa na betri ndogo inayodumu miaka, na bei hubadilishwa kutoka kwenye kompyuta bila mfanyakazi kupita na ngazi na gundi. Tazama vituo vya basi. London ilifanya majaribio ya vibao vya wino wa kielektroniki vinavyotumia umeme wa jua, vikimwonyesha abiria ratiba na dakika zilizobaki. Kibao cha namna hiyo hakihitaji kuchimbiwa nyaya. Kinahitaji paneli ndogo juu ya nguzo, kwa sababu kazi yake ya umeme ni kubadilisha namba, halafu kinapumzika.

Kisha kuna magari, na hapa kupinda kunahitajika kwelikweli, kwa kuwa mlango na boneti ya gari havijanyooka. Januari 2022 BMW ilionyesha Las Vegas gari la maonyesho, iX Flow, lililovikwa utando wa wino wa kielektroniki, likigeuka kutoka jeusi kuwa jeupe mbele ya watu. Mwaka uliofuata ikaja na jingine, i Vision Dee, lenye vipande 240 vinavyoweza kuonyesha mpaka rangi 32. Mtu anaweza kuliona hilo kuwa pambo. Lakini fikiria gari jeupe wakati wa jua kali na jeusi wakati wa baridi: jeupe hurudisha joto, na kiyoyozi hupata nafuu. Hayo ni magari ya maonyesho, hayauzwi, na utando wake ulilazimika kukatwa vipande kwa leza ili uendane na maumbo ya bodi.

Rangi nazo zimefika kwenye vitabu. Njia moja huweka chujio la rangi juu ya wino mweusi na mweupe. Ni ya haraka na nafuu, ila rangi zake zimepauka kama za gazeti lililokaa juani. Njia nyingine hutumia chembe za rangi nne ndani ya kila kifuko, na rangi zake ni nzuri zaidi, lakini ukurasa wenye rangi bora kabisa huweza kuchukua sekunde moja na nusu kutokea. Kwa kitabu cha hadithi cha mtoto, hiyo si tabu.

Kwetu Afrika Mashariki

Shirika la Worldreader lilianza kupeleka vifaa vya kusomea shuleni nchini Ghana mwaka 2010, kisha likaja Kenya na Uganda. Katika majaribio yale ya mwanzo kule Ghana, watoto walisoma, walimu walifurahi, na takriban vifaa vinne katika kila kumi viliharibika, vioo vikiwa ndio ugonjwa mkubwa. Jambo hili huniuma kila nikilikumbuka. Watoto walikuwa na hamu, vitabu vilikuwamo ndani, na chaji ilitosha. Kilichowaangusha ni kipande cha kioo chembamba. Ilibidi kutafuta vifuko vya kukinga na kuimarisha vifaa.

Ndiyo maana nasema, kwa mazingira yetu bamba la plastiki ni sharti la kwanza. Madawati yetu ni ya mbao ngumu, mikoba ya watoto hurushwa, bodaboda hurukaruka kwenye makorongo. Anayeandaa mradi wa vitabu vya kielektroniki kwa shule ya kijijini, iwe Kilifi, Kigoma au Kasese, aweke jambo hilo kwenye karatasi ya zabuni kabla ya kuuliza rangi au ukubwa wa kumbukumbu.

Vibao navyo vina nafasi hapa. Nimesimama mara nyingi katika stendi ya mabasi ya mikoani nikisubiri mtu anitangazie kwa mdomo basi linaondoka saa ngapi. Kibao cha karatasi ya kielektroniki chenye paneli ndogo ya jua kingesomeka saa saba mchana, wakati skrini ya kawaida imegeuka kioo cha kujitazamia uso. Zahanati inaweza kuweka mlangoni orodha ya kliniki za siku na kuibadilisha bila kuchapisha upya. Hayo hayangoji uvumbuzi mpya, maana teknolojia yake inauzwa leo. Kikwazo ni bei, na pia mazoea ya kununua skrini kubwa zinazowaka kwa kuwa zinapendeza siku ya uzinduzi.

Kabla hujatoa pesa

Uliza kilicho chini ya wino. Wauzaji wengi hawajui, lakini maelezo ya kampuni kwa kawaida husema kama bamba ni la plastiki, kwa kuwa ni jambo la kujivunia. Ukikuta hayasemi chochote, chukulia kuwa ni kioo. Kioo si dhambi, vifaa vya bei nafuu karibu vyote ni vya kioo, ila bajeti yako ijumlishe kava ngumu tangu siku ya kwanza. Kava laini ya kitambaa hulinda mikwaruzo tu. Kona ya chaja itapenya.

Ukinunua cha mkononi, yaani kilichotumika, kumbuka niliyokueleza: picha hubaki hata umeme ukikatika. Kifaa kilichokufa kabisa kinaweza kukaa mezani kwa muuzaji kikiwa na picha nzuri usoni na kuonekana kizima. Usikubali kukiangalia tu. Mwambie akiwashe mbele yako, ufunue kurasa kumi wewe mwenyewe, na utafute ukurasa wenye nafasi kubwa nyeupe. Mistari, kona isiyobadilika, au kipande cha ukurasa wa zamani kilichoganda, vyote ni dalili za bamba lililopasuka. Hapo hapana la kurekebisha. Rudisha na uondoke.

Fikiria pia utasoma nini. Riwaya na hadithi zinatosha kwenye inchi 6 au 7, kwa kuwa maandishi hujipanga upya kadiri unavyokuza herufi. Notisi za chuo na vitabu vya kiada vilivyo katika PDF ni habari nyingine: ukurasa wa A4 ukibanwa kwenye inchi 6, herufi zinakuwa mchanga. Kwa hayo tafuta inchi 10 na kuendelea, au usinunue. Hakikisha kifaa kinasoma mafaili ya epub, maana hadithi nyingi za bure huja hivyo au kwa PDF. African Storybook, mradi uliotokea Afrika Kusini, una hadithi nyingi za watoto kwa Kiswahili zinazopakuliwa bila malipo. Mzazi anaweza kuanzia hapo leo hii.

Matunzo yake ni machache. Usikiache kwenye dashibodi ya gari lililofungwa, kwa kuwa joto la humo hupita nyuzi 50 na huumiza wino na betri pia. Usikilalie, usikiweke chini ya mto, usikitie mfuko wa nyuma wa suruali. Kifute kwa kitambaa laini kikavu. Usipokitumia kwa muda mrefu kichaji mara moja moja, kwa sababu betri iliyoachwa ikaisha kabisa kwa miezi mingi hufa. Kikishindikana, usikitupe jalalani wala kukichoma na takataka za uani. Betri ya lithiamu hulipuka motoni, na moshi wake ni sumu kwa watoto wanaocheza jirani.

Kuhusu macho, niseme wazi kwa sababu wauzaji husema mengi. Karatasi hii haitibu macho. Inasomeka vizuri juani na herufi zake hukuzwa, basi. Vifaa vingi sasa vina taa ndogo pembeni ya kusomea usiku, nayo ni taa kama taa nyingine, ipunguze kabla ya kulala. Mwenye macho yanayouma aende kwa daktari wa macho.

Kile kifaa changu cha zamani bado ninacho kabatini. Nusu yake ya chini bado inaonyesha jina la ile sura, miaka mitatu sasa bila chaji. Nilipokwenda kununua kingine niliuliza swali moja tu, muuzaji akaingia stoo kutafuta boksi, akasoma maandishi madogo ya pembeni, akarudi na kuniambia, "Kaka, hiki ni plastiki." Nikalipa. Nawe ukienda, uliza hivyohivyo, na usione haya kumsubiri mpaka alisome boksi.